Karatasi Iliyokaa Eda

Raisa Hordiienko hakuwa mtu wa kuuliza jambo mara mbili. Nusu ya umri wake alikuwa amewaokea mikate watu wa Bashtanka, Ukraine. Vita vilipomtoa huko, alifika Lublin, Poland, na chupa ya chachu kifuani, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa akigombana na wauza unga wa ngano kwa Kipolandi. Lugha zote za huku, alisema, ni lugha moja tu, kila mtu anachechemea nayo kwa mguu wake.

Sasa alitaka kuhamia Olomouc, kwa Wacheki, aliko bintiye Uliana, mjamzito ambaye mumewe yuko vitani. Lakini hifadhi ya muda wanayopewa wakimbizi wa vita ni kama mume, mwanamke hawi nao wawili. Ilibidi kwanza airudishe ile ya Poland, apewe karatasi ya kuonyesha wameachana, ndipo Wacheki wamwandikishe. Wakimkataa, hana huku wala kule.

"Shoga, unakata tawi ulilokalia," alisema Zoya, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Raisa hakujali. Akairudisha hifadhi, akachukua karatasi yake, akapiga simu ofisi ya hifadhi ya Olomouc.

Mama wa ofisini akamweleza polepole, kwa upole: aje na pasipoti, na ile karatasi iwe *cherstve*. Raisa akashukuru, akakata simu. Kwa Kiukreni mkate wa *cherstvi* ni ule uliolala ukakauka, na kwa Kipolandi ni vivyo hivyo. Mwokaji mzima asilijue neno hilo?

"Wanataka iliyolala," akamwambia Zoya. "Na wana haki. Talaka ya jana nani ataiamini? Kesho mtu karudi kwa mumewe."

"Piga tena uhakikishe. Kuuliza si ujinga."

"Mimi niulizwe habari za mkate, si niulize."

Basi karatasi ikakaa eda, ndani ya kopo la mikate. Uliana akiuliza mama anakuja lini, aliambiwa karatasi bado haijawa tayari, naye akawalaumu Wapolandi wa watu. Hata siku moja akapiga simu akilia: miguu imevimba, na daktari amesema mtoto yu njiani. Raisa akaitoa karatasi, akaona sasa imelala vya kutosha. Yeye na Zoya wakaketi kidogo juu ya mizigo, kimya, kama ilivyo ada yao kabla ya safari, kisha akaondoka.

Asubuhi ya kwanza Olomouc, akielekea ofisini, alipita duka la mikate lenye kibao: mkate *cherstvi*. Akacheka peke yake. Wafanyabiashara wakweli hawa, wanatangaza mkate uliolala, na watu wamepanga foleni! Akaununua kwa huruma. Ukamchoma viganja.

"Huu ndio *cherstvi*?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Umetoka tanurini sasa hivi."

Aliogopa kuliko alivyoogopa tangu atoke Bashtanka, maana hifadhi hana, na binti yake hana mtu mwingine. Lakini hakurudi nyumbani.

Ofisini, mama wa dirishani aliitazama tarehe, akakunja uso. Alisema walitaka karatasi mpya. Muda wote huu alikuwa wapi? Raisa angeweza kuwasingizia Wapolandi. Badala yake aliuweka mkate juu ya meza, ukitoa mvuke.

"Mama, kwetu neno lenu hili ni mkate wa juzi. Karatasi niliilaza makusudi, ili niwafurahishe. Kosa ni langu, sikuuliza. Tazama popote unapotazama, sijaolewa kwingine."

Yule mama alitazama mkate, akatazama karatasi, akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika kwa kicheko. Kisha akatafuta kwenye kompyuta. Kweli, hakuwa ameandikishwa popote. Akambandikia hifadhi kwenye pasipoti, na Raisa akamwachia mkate.

Wiki ileile Uliana alijifungua mtoto wa kike. Nesi alimkabidhi Raisa kitoto, akampongeza: "Haya, bibi *cherstva*."

Zamani angemuuliza nesi ni nani huyo aliyekauka. Sasa alimvuta mjukuu kifuani, pale ilipokaa chupa ya chachu.

"Ndiye mimi," alisema. "Nimetoka tanurini sasa hivi."