Unga wa Ukutani

“Leo nimekufuma! Huo unga unanimwagia ukutani wa nini?”

Mama Pacha kashika kiuno, na nusu ya uchochoro imeshatoa vichwa madirishani. Fundi cherehani, dada jirani wa ukuta kwa ukuta, akatua ndoo ya nguo.

“Nimekuja kuanika, mama. Unga gani?”

“Huo mweupe! Naufagia jioni, asubuhi umerudi. Wanangu wanalala nyuma ya ukuta huu!”

Kweli, matofali ya chini yalikuwa yamechanua weupe laini kama poda ya mtoto. Neno uchawi lilishazunguka mtaa, na Mama Pacha ndiye aliyelizungusha. Wateja wa fundi walikuwa wakichukua vitambaa vyao kabla havijashonwa.

 Fundi aliinama, akakwangua unga kwa ukucha, akaulamba mbele ya watu.



“Chumvi,” akasema. “Na uchungu kidogo. Nikifa, mashine mgawane.”

Watu wakaangua kicheko.  Shemeji wa Mama Pacha, mwashi, akatoka ndani na kikombe cha chai, akapapasa ukuta. Ulikuwa umelowa.

“Hii hakumwaga mtu, shemeji. Maji yanayeyusha chumvi za udongo, yanapanda nazo ndani ya tofali. Yakikauka hapa nje, chumvi inabaki. Sasa kiangazi hiki chote, maji yanatoka wapi?”

Akaenda kuchukua koleo. Hakuchimba sana. Bomba lilikuwa limepasuka, udongo chini ya msingi umekuwa uji, na shimo likameza mkono wake mpaka begani. Juu ya shimo hilo ndipo kilipokuwa kitanda cha mapacha.

“Ingenyesha mvua moja tu...” Shemeji akautoa mkono uliojaa matope.

Mama Pacha akalitazama lile shimo. Angeendelea kufagia na kutukana mpaka ukuta uwaangukie. Akawageukia majirani kwa sauti ile ile wanayoijua.

“Sikieni! Maneno niliyatoa mimi, nayarudisha mimi! Huyu kaniokolea wanangu. Vitambaa vyenu mrudishieni leo leo!”

“Yaishe, mama,” fundi akacheka, akifuta macho. “Sauti hiyo, hata waliohama wamesikia.”

Akainama kuchukua ndoo. Mama Pacha akamnyang’anya.

“Nguo nitakuanikia mimi. Wewe ingia, unawe. Chakula kiko mezani, na wanangu hawagusi kijiko mpaka shangazi yao aketi.”