Mgonjwa wa Sendai

Mvua ya Kushiro mwezi wa Oktoba haina haraka. Inaanza hujaamka na inaendelea ukiwa umeshachoka kuitazama. Asubuhi meli ilipofunga gatini, abiria wengi walichungulia dirishani, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye chai yao. Fusae Minowa naye angependa kubaki. Lakini mumewe, Kinji, alikuwa ameshavaa koti na viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda na kofia mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kazini.

"Kinji, mvua hiyo. Tutashuka bandari inayofuata."

"Samaki hawasubiri," alisema Kinji.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Kinji alikuwa mnunuzi wa kampuni moja ya samaki ya Sendai. Kila msimu wa sanma, wale samaki wembamba wa rangi ya fedha wanaoliwa mwanzo wa baridi, alikuja Kushiro akakaa hadi msimu ulipokwisha. Sasa alikuwa mzee na akili yake ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo. Nyumbani alipotea kati ya kitanda na choo. Vifungo vya shati vilimshinda. Binti yao, Chizuru, hakumtambua tena; alimwita "nesi". Ni Chizuru aliyewakatia safari hii ya meli ya kitalii. "Baba aione Kushiro kabla hajaisahau," alisema, na Fusae, aliyekuwa hajalala usingizi wa maana kwa muda mrefu, alikubali kwa sababu melini kuna watu wa kupika na kufua.

Walishuka. Kijana wa gatini aliwapa mwavuli, Fusae akaufungua juu ya vichwa vyao wote wawili, lakini Kinji hakukaa chini yake. Alitembea. Aliyekuwa akiburuta miguu kwenye zulia la meli sasa alikanyaga madimbwi bila kuyaangalia, akasimama taa ilipokuwa nyekundu, akavuka ilipobadilika, akapita darajani na kukata kushoto bila kusita. Fusae alimfuata nyuma akihema, mwavuli ukimgeukia kwa upepo.

"Unakwenda wapi? Kinji! Unanisikia?"

Hakusikia, au hakutaka. Aliingia uchochoro wa maduka yaliyofungwa, mengine yameshaota kutu kwenye milango, akasimama mbele ya mgahawa mdogo ambao pazia lake la mlangoni, ishara kwamba pamefunguliwa, halikuwa limetundikwa bado. Akauvuta mlango pembeni kwa mkono mmoja, kama mtu anayejua pale unapokwama.

"Nimerudi," alisema.

Fusae alisimama palepale mvuani. Miaka yote ya ndoa yao, Kinji akifika nyumbani alikohoa tu mlangoni, na yeye akajua kuwa maji ya kuoga yanatakiwa. Neno lile hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Ndani kulikuwa na meza ndefu moja na viti vichache. Nyuma ya meza mwanamke mfupi aliyefunga aproni alikuwa akimenya figili. Alikuwa na umri unaokaribiana na wa Fusae, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Aliinua macho akamtazama Kinji kwa muda, kisu mkononi.

"Umezeeka, bwana wee," alisema mwishowe.

"Njaa inaniuma, Toyo. Nichomee samaki."

"Miaka yote hii hata salamu hakuna, halafu unakuja kuniagiza samaki." Sauti yake ilikuwa ya ukali, lakini kisu alikuwa ameshakiweka chini na mikono alikuwa akiipangusa. Ndipo alipomwona Fusae. "Ingia basi, mama, unanyeshewa hapo mlangoni kama paka. Wewe ndiye nesi wake?"

"Mimi ni mke wake."

Mwanamke alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mke wake yupi?"

"Kwani anao wangapi?"

"Mke wake hawezi kutembea. Amepooza. Yuko kitandani Sendai tangu binti yao azaliwe."

Fusae aliingia, akafunga mlango, akafunga na mwavuli. Alifanya hayo polepole kwa sababu hakujua la kufanya baada yake. Kinji alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mwisho, karibu na ukuta, akajimiminia chai kutoka kwenye birika lililokuwa pale.

"Nimetembea kwa miguu yangu kutoka gatini," alisema Fusae. "Ndiyo hii. Itazame."

Toyoko, kwani hilo ndilo lilikuwa jina lake, aliitazama kweli. Alitazama viatu vilivyolowa, akapanda hadi magotini, akarudi chini.

"Hujawahi kuugua?"

"Mafua. Na jino."

"Mungu wangu." Toyoko alishika ukingo wa meza. "Aliniambia mkewe alianguka baada ya kujifungua, hajainuka tena. Kwamba yeye ndiye anayemgeuza, anayemlisha. Nikamwambia ukimwacha mtu kama huyo, mimi mwenyewe sitakupokea. Miaka yote ile, mama. Nilikuwa nakuombea. Kila akiondoka nampa kitu akuletee. Mwani mkavu, nasikia unasaidia damu. Soksi za sufu..."

"Za kijivu," alisema Fusae. "Zenye mstari mwekundu juu."

"Nilizifuma mwenyewe. Mgonjwa wa kitandani miguu inapoa."

Kila mwaka Kinji alirudi na jozi moja. Alisema amezinunua sokoni kwa bibi mmoja. Fusae alizivaa akideki, akikimbilia basi, akibeba magunia ya mchele ghorofani. Alizipenda. Aliwahi hata kuwaambia majirani kwamba mume wake ana maneno machache, lakini mtu anayekumbuka miguu yako baridi si mtu mbaya.

"Samaki," alisema Kinji.

Toyoko aligeuka, akawasha jiko, akatoa samaki wawili kwenye barafu. Labda alifurahi kupata kazi ya mikono. Alisema akiwa amewapa mgongo, na moshi ulipoanza kupanda ilibidi apaze sauti.

"Halafu siku moja akasema kampuni imemstaafisha, hatakuja tena, mgonjwa amezidiwa. Nikalia. Unajua nililia nini? Nilimlilia yeye kidogo, wewe zaidi. Nilijiona kama mwizi anayesubiri mwenye nyumba afe."

"Alikuwaje?" Fusae aliuliza. Hakujua kwamba angeuliza hilo. "Hapa. Alikuwaje hapa?"

"Kinji? Mcheshi. Mpayukaji, hanyamazi! Wavuvi walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye, samaki wangu kisingizio tu. Wakiondoka anakunja mikono, anaosha vyombo vyote, huku anaimba, sauti mbovu hiyo..."

Wakati huo Kinji alisimama. Fusae alimwona. Alimwona akivua koti lake lililolowa, akalikunja vizuri juu ya kiti, akatazama mlango, akaenda. Aliuvuta pembeni bila kelele. Hewa ya baridi iliingia ikamgusa Fusae shingoni. Mtu wa kuinuka alikuwa yeye. Mtu wa kusema "Kinji, rudi" alikuwa yeye, kama alivyosema mchana na usiku kwa miaka mitatu.

Hakusema. Alitaka kusikia habari za vile vyombo.

"Anaimba nini?" aliuliza.

Toyoko akamwambia. Akamwambia pia kuhusu mwaka wa theluji ya mapema, walipokwama wawili mle ndani na chungu cha supu, na jinsi Toyoko alipougua Kinji alivyomkanda mabega. Fusae alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za maiti asiyemjua. Mlango ulikuwa umefungwa tena. Mvua iligonga bati.

Toyoko alipogeuka na sahani mkononi, kiti kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?"

Fusae alitazama kiti, kisha koti. "Ametoka," alisema.

Walimtafuta pamoja. Toyoko alizima jiko akatoka na aproni yake, mwavuli mmoja kwa wawili, kila mmoja bega moja nje. Waliuliza kituo cha mafuta, wakauliza duka la vifaa vya uvuvi. Hakuna aliyemwona mzee asiye na koti. Ukungu ulikuwa umeshuka ukachanganyika na mvua, na ng'ambo ya mto meli yao ilionekana kama ghorofa iliyosahaulika. Njiani Toyoko alikuwa akiita, "Kinji! We Kinji!" Fusae hakuita. Kuna kitu kilikuwa kimekaa kifuani mwake kikimwambia: asionekane. Asionekane kabisa, nirudi melini, nilale. Alitembea upesi zaidi ili akiache nyuma, lakini kilikuwa na miguu kama yake.

Walimkuta kwenye banda la mnada wa samaki. Mnada ulikuwa umekwisha tangu asubuhi na sakafu ilikuwa imeoshwa kwa mipira ya maji. Alikuwa amekaa chini mwisho wa banda, upande usio na ukuta, mvua ikimpiga ubavuni. Ilionekana ameanguka na kushindwa kuinuka. Midomo ilikuwa ya buluu. Mkono wa kulia aliuinua kidogo kidogo, vidole viwili, kisha vitatu, kama wanunuzi wanavyoonyesha bei.

Toyoko alipiga magoti akamkumbatia mzimamzima, akimsugua mgongo. "Mpumbavu wewe. Mpumbavu mkubwa." Fusae alisimama na simu sikioni akiita gari la wagonjwa, akieleza mahali, akitaja jina la mume wake na umri wake, kwa sauti ambayo baadaye aliikumbuka kuwa tulivu mno.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika na mwili umepoa kupita kiasi. Jioni, afisa wa meli alipiga simu akaomba radhi mara nyingi. Ratiba hairuhusu kuwasubiri. Masanduku yao yangeachwa gatini.

"Iende tu," alisema Fusae.

Honi ya meli ilisikika hadi kwenye korido. Toyoko alikuwa amekaa benchi la mbele yake, nywele zimegandamana, aproni bado kiunoni.

"Nilikuwa nimewapa mgongo," alisema. "Wewe ulikuwa umeelekea mlango."

Fusae aliangalia viatu vyake vilivyolowa.

"Ulimwona akitoka?"

"Hapana." Kisha, kwa kuwa Toyoko hakuondoa macho, "Nilidhani anaenda chooni."

"Choo kiko nyuma."

"Ningejuaje choo chako kiko wapi? Mimi ni mgeni. Mwenyeji hapo ni yeye."

Toyoko aliinuka. Alivua ile aproni, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Na Fusae alibaki na maneno yake mwenyewe, ambayo yalikuwa makali na mazuri, na hayakumsaidia kitu.

Chizuru alifika kwa ndege kesho yake. Homa ya mapafu ilikuwa imeshaanza. Kinji alikaa siku chache, akipumua kama mtu anayeburuta kitu kizito juu ya changarawe, kisha akafa kabla hakujapambazuka, wakati mama na binti wamelala kwenye viti. Nesi aliwaambia alikuwa amesema neno usiku.

"Alimwita mtu?" Fusae aliuliza.

"Hapana, mama. Aliuliza bei ya leo."

Waliamua kumchoma hukohuko Kushiro na kurudi Sendai na mifupa. Chizuru alishughulikia kila kitu, macho yamevimba, akimshika mama yake kiwiko kila wanapopanda ngazi. "Usijilaumu, mama," alisema tena na tena. "Umemtunza kuliko mtu yeyote. Ni sekunde moja tu. Mtu mgonjwa kama baba anatoka sekunde moja tu." Fusae aliitikia kwa kichwa.

Siku ya kuchoma mvua ilikuwa ileile. Mfanyakazi wa tanuri aliwavutia trei ya mifupa, akawapa vijiti virefu vya kuiokotea kama ilivyo desturi, akawaonyesha waanze miguuni. Mama na binti walishika mfupa mmoja pamoja, kila mmoja na vijiti vyake, wakautia kwenye chungu. Mifupa ilikuwa myepesi na bado ilikuwa na joto. Walipofika magotini Chizuru aliinua kichwa.

"Mama, yule ni nani?"

Nje ya mlango wa kioo alisimama mwanamke mfupi aliyevaa nguo nyeusi, chini ya mwavuli. Hakusogea mlangoni. Mikono yake miwili ilishika mpini wa mwavuli kama mtu aliyeshika nguzo.

Kulikuwa na jozi ya tatu ya vijiti mezani. Fusae aliiona. Alijua kwamba neno moja lingetosha kumwita ndani, hata kupunga mkono tu.

"Mwenye mgahawa," alisema. "Tulikula kwake siku ile. Alisaidia kumtafuta."

"Masikini! Na amekuja kwenye mvua yote hii?" Chizuru aliweka vijiti chini, akapangusa uso, akatoka.

Kupitia kioo Fusae alimwona binti yake akiinama mbele ya Toyoko, akiinama tena zaidi, akimshukuru. Alimwona Toyoko naye akiinama, mwavuli ukimteleza, mvua ikimwangukia kisogoni. Walikaa hivyo kwa muda, kila mmoja akisubiri mwenzake ainuke kwanza. Mfanyakazi alikohoa kwa adabu, akauliza kama waendelee.

"Tuendelee," alisema Fusae, akachukua mfupa uliofuata peke yake.