Nani Alimfunga Kajetani

Saa tisa na nusu alasiri, siku ya Jumanne, Walburga alikuwa anabadilisha zipu ya sketi ya shule wakati wanaume wa benchi walipoanza tena. Benchi lilikuwa lake. Alilichongesha ili wateja wakae wakisubiri nguo, lakini kibaraza chake kilitazamana na uwanja wa mpira wa kikapu wa Mjimwema, na tangu benchi liwekwe hakuna mteja aliyepata nafasi. Wateja walisimama. Wanaume walikaa wakabishana.

Ubishi ulikuwa mmoja miaka yote: nani mchezaji bora wa kikapu aliyewahi kutokea Ruvuma. Mwalimu Selestine, aliyestaafu mwaka jana, alikuwa upande wa Kajetani, aliyecheza mpaka mwaka 1983. Remmy wa bodaboda alikuwa upande wa Yohanes, kijana wa miaka ishirini na minne anayecheza ligi Dar es Salaam.

"Enzi zile Kajetani alicheza na nani?" Remmy aliuliza. "Na wauza mkaa. Mtu mwenye futi sita mlimwita mnara."

"Na huyo Yohanes wako akiguswa bega anaanguka kama mgomba," Mwalimu alisema. "Kajetani alicheza na malaria. Alicheza na mpira wenye kiraka."

"Kiraka si sifa, Mwalimu."

"Usingeweza kuudunda mpira ule hata mara mbili."

Walburga alikata uzi kwa meno. Habari za kiraka kile alikuwa amezisikia pengine mara mia tisa. Alikishona yeye, kwa sindano ya magunia, mwaka 1981. Hakuna aliyewahi kuuliza kilishonwa na nani.

Mwaka huu ubishi ulikuwa na tarehe ya mwisho. Kampuni moja ya rangi ilikuwa imejitolea kuupaka uwanja upya na kuchora ukutani sura ya mchezaji bora wa nyakati zote, na uwanja ungepewa jina lake. Wanaume wa benchi walijiundia kamati, Mwalimu mwenyekiti, Remmy katibu. Jina lilitakiwa kufika kabla ya Ijumaa jioni. Walburga walimpa kazi ya kushona pazia la kufunika ukuta mpaka siku ya uzinduzi.

"Mita nane, Mama Hilda," Mwalimu alimwambia. "Liwe zito, watu wasione kabla ya wakati."

Saa kumi kamili Kajetani akafika. Alikuja kwa miguu akitokea Mpitimbi, alikozikwa, raba zake za turubai zimening'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa na miaka ishirini na saba, umri aliokuwa nao siku lori la tumbaku lilipopinduka naye, na jezi yake namba tisa ilikuwa na vumbi jekundu mabegani. Watu wa Mjimwema hawakusumbuka sana. Mwaka juzi marehemu mke wa fundi baiskeli alirudi kuchukua chujio lake, akakaa wiki nzima.

Tatizo lilikuwa salamu. Mwalimu Selestine, aliyekuwa mwanafunzi wa kidato cha pili Kajetani alipofariki, alisimama na kusema shikamoo. Kajetani, kwa kuona mvi, naye alisema shikamoo wakati huohuo. Wote wawili wakaitikia marahaba, kisha wakakaa.

"Nimechoka kuwasikia," Kajetani alisema. "Mnabishana kwa sauti kubwa. Kule kwetu hatupumziki."

Mwalimu alimwomba radhi kwa niaba ya kamati. Remmy alipiga simu kwa Yohanes, ambaye kwa bahati alikuwa likizo kwa mama yake. Wakapanga mechi ya mtu na mtu siku ya Alhamisi, saa kumi, mpaka pointi ishirini na moja. Usiku Kajetani angelala kwa dada yake, Justa, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na minne na alikuwa ameshamtandikia kitanda sebuleni.

Kabla ya kuondoka, Kajetani alisogea kwenye cherehani.

"Walburga," alisema.

Mkono wa Walburga ulisimama juu ya gurudumu la cherehani. Tangu Hilda azaliwe mtaa mzima ulimwita Mama Hilda, na jina lake mwenyewe lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho na kadi ya kliniki.

"Umekuja," alimjibu, akaendelea na zipu.

Alhamisi uwanja ulijaa. Yohanes alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye adabu. Alimwamkia marehemu na kumuuliza kama angependa kupasha misuli kwanza. Kajetani alisema misuli yake haina shida tena.

Shida ilianza na mpira. Kajetani alipoudunda, mlio ulichelewa. Mpira uligusa sakafu, ukarudi mkononi, ndipo sauti ikafika, kama shoka la mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde. Remmy alilalamika kwamba mchezaji wa sasa hucheza kwa masikio pia, na hii si haki. Mwalimu alijibu kwamba enzi zile sauti zote zilichelewa. Kamati ikakaa kando dakika tano kujadili mlio. Mechi ikaruhusiwa kuendelea.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kajetani alifunga mara sita akiwa nje ya mstari wa pointi tatu. Enzi zake mstari ule haukuwepo.

"Ni mbili mbili," Remmy alisema. "Huwezi kufa kabla ya sheria halafu ukafaidi sheria."

"Amerusha leo, Remmy. Leo ni Alhamisi, mstari upo."

"Lakini yeye ni wa mwaka 1983."

Kwa hesabu ya Remmy Yohanes alishinda ishirini na moja kwa kumi na nane. Kwa hesabu ya Mwalimu mechi ilikuwa imekwisha zamani, Kajetani amefika ishirini na moja, na pointi za Yohanes zilizofuata zilikuwa za mazoezi. Walibishana mpaka Yohanes akakaa chini katikati ya uwanja na kufungua kamba za viatu. Alisema yeye hata hakuomba kuchorwa.

Mwishowe Mwalimu alimgeukia marehemu. "Kaka Kajetani, tuamulie wewe. Umecheza enzi zile, leo umecheza enzi hizi. Nani bora?"

"Walburga," Kajetani alisema.

"Walburga yupi?"

"Huyo hapo."

Watu waligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake, futi ya kupimia shingoni, mita tatu za pazia mkononi.

Remmy alicheka kwa heshima. "Kaka, tunaongelea kikapu."

"Na mimi naongelea kikapu. Tulicheza uwanja wa parokia, miaka mitatu, kila Jumamosi alfajiri kabla ya misa. Sikumshinda hata siku moja."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. "Mnawaona watu wa zamani? Kaburini miaka arobaini na mbili na bado hajikwezi."

Hapo Walburga aliliweka pazia chini. Hakuwa na hasira na Mwalimu. Mwalimu alikuwa hivyo alivyo. Alivuka barabara akasimama mbele ya Kajetani, akaongea kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu alisikia.

"Kwa nini alfajiri?"

Kajetani alitazama raba zake.

"Nakuuliza. Kwa nini tulikuwa tunacheza alfajiri?"

"Ili watu wasione nikifungwa," alisema.

"Mwaka 1982 timu yetu ya wanawake ilitoka Dodoma na kikombe. Tulishuka stendi hakuna mtu. Nyinyi mlirudi wa tatu mkapokelewa kwa ngoma, mkapandishwa kwenye lori. Ulikuwa juu ya lori lile. Ulinipungia mkono."

"Nilikupungia, ndiyo."

"Ungesema siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na minane, ningeitwa timu ya taifa. Unakuja kusema leo, magoti yangu yanahitaji mafuta ya kuchua kabla sijasali rozari."

"Ndiyo maana nimekuja. Haya mambo hayaniachi nilale. Si kelele zao tu."

"Kwa hiyo umekuja upate usingizi."

Kufa hakukumwongezea Kajetani maneno. Walburga aliivua futi shingoni, akamkabidhi Yohanes, akavua kandambili.

"Mpaka kumi na moja," alisema. "Saa kumi na nusu alasiri, watu wanaona."

Hakuwa kijana tena na hakuwa mwepesi. Alicheza kwa miaka yake sitini na moja yote, akichechemea, kanga imefungwa kiunoni. Hakukimbia hata mara moja. Alimwacha Kajetani aruke, kisha akapita alikotoka. Alirusha kwa mkono mmoja, kiwiko kikiwa ndani, na mpira uliingia bila kugusa chuma. Mlio wa mpira wake haukuchelewa. Nane kwa tatu, alisimama kushika goti, akasubiri liache kuuma, akaendelea. Kumi na moja kwa tano. Yohanes, aliyezoea kutazama wachezaji kwa kazi, alikuwa amesimama na futi mkononi kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Shikamoo, mama," alisema alipokuwa anamrudishia futi. "Kile kiwiko, nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha."

Kamati ilikaa siku hiyohiyo kwenye benchi. Walburga alikuwa umbali wa hatua mbili, akipinda pindo la pazia, na walijadili kana kwamba cherehani inajiendesha. Remmy aliona marehemu alikuwa amechoka na mechi ya kwanza. Mwingine alisema marehemu wana heshima, hawawezi kumfunga mama wa watu mbele za watu. Mwalimu alisema, kwa uchungu wa kweli, kwamba leo ameshuhudia uungwana ambao vijana hawaujui: mtu kutoka kaburini, na kujishusha hivyo, na kujifungisha. Macho yalimlowa. Hata Remmy aliguswa. Alisema kwa mwenendo wa namna hiyo anaondoa jina la Yohanes. Kajetani akapita kwa kura zote.

"Nilifungwa," Kajetani alisema. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

"Tunakuelewa, kaka," Mwalimu alimjibu, akamshika bega.

Yohanes alisema kwamba yeye pia aliona, na kwamba mama alicheza vizuri kuliko mtu yeyote aliyemwona likizo hii. Wakamwambia asijisikie vibaya, umri bado unamruhusu.

Mchoraji alihitaji picha. Justa alikuwa nayo moja tu, ya mwaka 1982, Kajetani na Walburga wakiwa wameushika mpira mmoja, kila mtu upande wake. Kamati ilikata picha pembeni mwa mpira kwa mkasi ulioazimwa kwenye meza ya Walburga. Mchoraji alikuwa mtu mwaminifu, alichora alichopewa. Jumapili baada ya misa ya pili pazia lilipodondoka, watu waliona Kajetani mkubwa, anatabasamu, jezi namba tisa, na mpira umeshikwa kwa mikono mitatu.

Mgeni rasmi alipiga makofi. Remmy alimnong'oneza Mwalimu kwamba sasa anaelewa. Kwa mikono mitatu hata yeye angefunga. Mwalimu alisema mkono ule wa tatu ulikuwepo, anaukumbuka vizuri, kizazi hiki hakijui tu. Kajetani mwenyewe alikaa mstari wa nne, kwa sababu mitatu ya mbele ilikuwa ya wageni. Walburga alilikunja pazia lake mita nane akarudi nalo nyumbani. Lilikuwa kitambaa kizuri.

Kajetani hakurudi Mpitimbi. Bado halali, anasema, na Justa amefurahi kupata mtu wa kumsomea barua za mfuko wa pensheni. Kila siku saa kumi kamili Kajetani anavuka barabara kuja uwanjani. Alfajiri aliipendekeza mara moja, Walburga akamtazama, hakuipendekeza tena. Wanacheza mpaka kumi na moja, chini ya ule ukuta. Mpaka sasa mechi mia moja na kumi na nne, na hajashinda. Watu wanapita na mikokoteni ya mahindi, wanafunzi wanapita, wanasalimia wote wawili.

Jumatatu hii Mwalimu Selestine alitoka kwenye benchi akaja mpaka karibu, akasimama na mikono nyuma, akatazama mechi nzima tangu mwanzo mpaka mwisho. Iliisha kumi na moja kwa nne. Walburga alijifuta uso kwa pindo la kanga akamngoja.

"Kaka Kajetani," Mwalimu alisema hatimaye, "huo mguu wa kushoto bado unakusumbua?"

"Mguu hauna neno," Kajetani alisema.

"Usijilazimishe. Pumzika kesho."

Walburga aliuokota mpira, akaudunda mara mbili, akaenda kusimama mahali pa kuanzia.

"Mwalimu," alisema, "sogea. Umekanyaga mstari."