Bakuli la Somo Binti

Nimechoka kuulizwa "ni kipi?" Jamani, ni vyote!

Mdogo wangu Kijakazi alikuwa aolewe Ijumaa, na kwa desturi yetu hapa Somanga akawekwa ndani asingwe, yaani asuguliwe mwili mpaka ung'ae. Msingaji wake alikuwa Somo Binti, yuleyule aliyetusinga sisi sote kwa liwa, ule unga wa msandali, na manjano. Ila miaka ile ya ruksa, duka la Mzee Valimohamed lilifurika vitu vya nje, na Somo akaona liwa peke yake ni ushamba. Akaongeza krimu ya tyubu. Akakwangulia humohumo sabuni ya kung'arisha. Mama naye, kwa kiherehere chake, akatia dawa ya kulainisha nywele, eti ngozi iteleze. Vyote bakuli moja, asubuhi na jioni.

Jumatatu Kijakazi akaamka uso umevimba, mashavu yanachuruzika maji. Alipojiona kwenye kioo alilia mpaka nikatoka nje, sikuweza kustahimili.

Nikamfunika gubigubi, nikampeleka kwa Klementi, mganga wa zahanati.

"Kipi hasa kimemuunguza?" akauliza. "Leteni kimoja kimoja nijaribu."

Nikamletea, akajipaka mkononi, hiki hapa, kile pale. Kesho yake mkono safi kabisa.

"Vyote salama," akasema. "Hajala pweza huyu?"

Pweza! Nilitamani kumrushia kiti. Harusi hiyo inakuja, upande wa mume wameanza kuuliza, na yeye ananiletea habari za pweza!

Nikawaita wote barazani kwetu. Mzee Valimohamed alikuja na tyubu yake. Nikamwamkia shikamoo kwa shida.

"Marahaba, binti yangu. Tazama mwenyewe." Akajipaka shavuni. "Haina neno."

"Na liwa nimeirithi kwa bibi yangu," akadakia Somo. "Tangu lini ikaunguza mtu?"

Mama akasema dawa ya nywele hata yeye anaipaka. Klementi akawa anamkubalia kila mmoja kwa kichwa.

Hasira zikanipanda. Nikaleta bakuli lilelile, nikakamua, nikakwangua, nikakoroga vyote pamoja mbele ya macho yao mpaka ikatoka ile harufu ya chumbani kwa mwari.

"Haya! Si vyote salama? Nyoosheni mikono niwapake."

Klementi akashusha mkono wa shati. Mzee Valimohamed akakumbuka kwamba dukani hakuna mtu. Somo akasema yeye mtu mzima, ngozi yake haiwezi. Mama akatazama chini.

Pazia likafunguka. Kijakazi akatoka, kanga usoni, ingawa mwari hajitokezi mbele za watu. Akalitazama bakuli, kisha akamtazama Mama.

"Mbona mimi mlinipaka?"

Somo akainuka, akachukua bakuli, akaenda kulimwaga kule nyuma ya choo, kuku wasije wakadonoa.