Pumzi Tatu Mlangoni

Katika wodi ile ya wazazi hakuna aliyeingia chumba cha kujifungulia kichwakichwa. Muuguzi, daktari, hata fundi aliyekuja kubadilisha taa, alishika kitasa kwanza, akavuta pumzi tatu za taratibu, ndipo akafungua. Desturi hiyo ilianzishwa na mkunga mkuu, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimbandika jina la Maji ya Mtungi, kwa ubaridi wake.

Hakuzaliwa hivyo, tusidanganyane. Zamani mdomo wake haukuwa na breki, na akina mama walirudi nyumbani na watoto mikononi na matusi yake masikioni. Kisha akapelekwa kwenye mafunzo ya kutuliza akili yaliyoandaliwa kwa watu wa afya. Alikwenda shingo upande, akarudi mtu mwingine. Akaanza kuwafundisha wenzake kila Jumatatu asubuhi katika chumba cha kubadilishia nguo, wakiwa wamekaa kati ya makabati na viatu vya mpira, macho wameyafumba. "Mgonjwa anasikia hofu yako kabla hajasikia neno lako," aliwaambia. "Ukipandisha sauti, umeshampoteza." Wenzake walicheka, wakajaribu, wakaona faida yake. Yeye mwenyewe aliapa kutopiga kelele kazini maisha yake yote, na kiapo hicho alikipenda kupita kiasi.

Asubuhi hiyo aliyekuwa kitandani ni wifi yake, mke wa kaka yake wa pekee, mwanamke wa matani yasiyoisha. Alikataa katakata kuzalishwa na mtu mwingine.

"Kaka yako ndiye aliyeniingiza humu," alisema, "na wewe ndiye utakayenitoa."

Mtoto alitoka salama, wa kike, analia kwa hasira. Muuguzi aliyeitwa Twiga kwa urefu wake alimfunga kitambaa, akampeleka chumba cha pili kumpima uzito. Kondo la nyuma nalo likatoka zima. Maji ya Mtungi alikuwa ameshachoma sindano ya kukaza mji wa mimba, akaweka kiganja tumboni kwa wifi yake kupima ugumu. Hapakuwa na ugumu wowote. Palikuwa laini kama unga uliozidishiwa maji.

Ndipo akaiona damu. Haikuwa ya kudondoka, ilikuwa ya kutiririka. Ililowesha shuka, ikafika ukingoni mwa kitanda, ikaanza kugonga sakafu.

Akalikanda tumbo kwa nguvu, na mkono huo hakuthubutu kuuondoa, kwani kuuondoa ni kufungua bomba. Kengele ilikuwa kwenye ukuta wa mbali. Hofu ilimpanda. Akafanya alivyojizoesha: akavuta pumzi, akaishusha, akaita kwa sauti yake laini.

"Twiga, njoo kidogo, mama. Na daktari naye aje."

"Nakuja, dada!" Twiga alijibu kutoka upande wa pili, akaendelea kumsifia mtoto mashavu.

"Wifi," mgonjwa alinong'ona, "mbona nasikia baridi?"

"Kawaida tu, wifi yangu. Tulia."

Ulikuwa uongo, na alijua. Akaita tena, bado kwa upole uleule: "Twiga, tafadhali. Nahitaji dripu na damu." Akasikia magurudumu ya kitoroli yakija bila haraka yoyote. Akasikia sauti ya daktari nje ya mlango.

"Kuna nini?"

"Maji ya Mtungi anatuita. Si jambo kubwa, ungemsikia alivyotulia."

Kisha kimya. Kimya hicho alikijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ni yeye aliyekifundisha. Watu wawili walikuwa wameshika kitasa, wanavuta pumzi. Na mbele yake midomo ya wifi yake ilikuwa imepauka, macho yanageuka.

"Wifi? Wifi!"

Hakujibiwa.

"ANAKUFA!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Fungueni huo mlango! Wifi yangu ananifia mikononi!"

Mlango uligonga ukuta. Pumzi ya pili haikuvutwa. Daktari alishika hapa, Twiga akatafuta mshipa pale, dripu ikaning'inizwa, damu ikaletwa mbio. Muda wote huo Maji ya Mtungi alikanda, akilia na kutukana: "Haraka! Mnatembea kama mabibi harusi! Na wewe wifi, usiniondokee, nitamwambia nini kaka yangu?" Huyo kaka alikuwa kwenye korido, kila neno analisikia.

Polepole, chini ya kiganja chake, tumbo likaanza kukaza.

Kesho yake alikwenda kitandani kwa wifi yake akiwa na aibu tupu. "Nisamehe. Nilikupigia kelele ukiwa katika hali ile."

Wifi alikuwa dhaifu, ila ulimi ulikuwa umeshapona. "Ile sauti yako ya 'tulia, tulia' ilikuwa inanibembeleza nilale. Nilikuwa nimeshakubali, wifi. Halafu nikasikia mtu ananigombania na matusi juu. Nikaona haya kwenda zangu."

Mkunga akamshika mkono.

Jumatatu wenzake walikaa kama kawaida kati ya makabati, wakafumba macho, wakisubiri sauti laini.

"Fumbueni," aliwaambia. "Simameni. Leo kila mmoja atapiga kelele ya kuomba msaada, mpaka walioko getini waisikie. Nitaanza mimi, maana ni mimi niliyewaziba midomo."

Twiga, ambaye tangu siku ile hakuwa amemtazama usoni, aliuliza kwa sauti ndogo: "Na zile pumzi tatu za mlangoni, dada?"

"Vuteni," alisema Maji ya Mtungi. "Vuteni mkiwa mnakimbia."