Macho ya Mata

Mgongo unaniuma. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia natengeneza vitambaa vya maombi vya Wahindi, wanadhani nakaa kwenye kiti nikipaka rangi kama mtoto wa nasari. Waje washike kazi hii hata asubuhi moja tu. Kitambaa kinalowekwa, kinaanikwa, kinachorwa kwa kijiti cha mwanzi, kinateremshwa mtoni, kinachemshwa kwenye sufuria ya shaba mpaka wekundu utokee, kisha kinateremshwa mtoni tena. Lazima maji yawe yanatembea. Ukikiosha kwenye karai, rangi zinaingiliana na kazi yote imeenda bure. Na hapa kwetu Nunguni hakuna mto wa tambarare. Unashuka ukijua utapanda, na unapanda na kitambaa kilichokunywa maji, kizito kama ndama mgonjwa.

Mwenye kazi ni Ba. Jina lake hasa ni Manjula, lakini Ba ni mama kwa Kigujarati, na soko zima linamwita hivyo, au mwaitu, ambalo ni mama kwa Kikamba. Mumewe alikuwa na duka la nguo hapa. Alipokufa, watoto wakamwita ng'ambo, Ba akakataa katakata. Anaongea Kikamba kuwashinda wajukuu wangu, ambao wanajua Sheng tu. Nyuma ya duka ana chumba cha maombi, na kila mwaka, sikukuu yao ya Navaratri ikikaribia, anatundika ukutani kitambaa kipya chenye picha ya Mata, mungu wao wa kike. Jamaa zao wenye maduka huko Malili wanapanda mlima kuja kumwomba. Mata wa Ba amepanda mbuzi mweusi. Mbuzi nawajua mimi, nimewachunga. Kwa hivyo hata Ba mwenyewe hukubali kwamba mbuzi wangu wana maringo kuliko wake.

Sasa kuna desturi moja, na ndiyo iliyonitia matatani. Katika nyumba ya akina Ba, macho ya Mata huchorwa mwisho. Kitambaa kinamalizika chote, maua, mbuzi, taji, na mahali pa macho panabaki peupe. Kabla ya macho ni nguo tu. Unaweza kuikunja, kuikalia, hata kuifanya pazia. Yakishawekwa macho, Mata ameingia, na watu wanaweza kumwomba.

Mimi ni Mkristo, tena si wa jina tu. Mume wangu Kiema ni mzee wa kanisa, mmoja wa wale wanaozungusha mkate na kikombe siku ya Meza ya Bwana. Nilipoanza kazi kwa Ba, maneno yalienea, eti mke wa mzee anachonga sanamu. Kamati ikaniita. Kiema akasimama, yeye ambaye hata harusini hapendi kusimama, akasema, "Mke wangu anapaka rangi. Macho anaweka yule mama mwenyewe, na bila macho ni kitambaa, hata wao wanasema hivyo. Kathini hataweka macho. Hilo ni neno langu." Wakaliamini. Tangu siku hiyo nimekula Meza ya Bwana juu ya neno la Kiema.

Na Ba alikuwa akiweka macho yake, mimi nikitoka nje kusugua sufuria. Mambo yakaenda hivyo bila shida.

Lakini mwaka huu Ba haoni. Presha ya macho imemmaliza pole pole, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Kitambaa nilikifanya karibu chote peke yangu. Mto nao umekonda kwa kiangazi, ikabidi niteremke mpaka kule chini kwenye mawe ndipo nipate maji yanayosogea. Siku niliyokianua kikiwa kimekauka, nilikuwa nimechoka kabisa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kwenda nyumbani kulala.

"Kimetoka vizuri?" Ba akaniuliza.

"Kimetoka. Wekundu umeshika."

"Nipe kijiti."

Nikampa, na kipande cha nguo kuukuu ajaribie kwanza. Alichovya kwenye ule weusi wetu wa misumari ya kutu na sukari guru, ule unaonuka kama pombe iliyooza. Akainama, akapapasa kwa kidole cha mkono wa kushoto, akachora.

"Sema kweli, Kathini."

"Jicho moja liko kwenye paji la uso, mwaitu. Lingine limekaa shavuni."

Akacheka. Kisha akajaribu tena, na tena, na kila mara nikamwambia kweli kwa sababu aliitaka. Mwishowe akakiweka kijiti chini. Hakucheka tena.

"Utaweka wewe," akasema.

"Asi! Mimi? Ba, usinitafutie makubwa. Unajua vizuri nilivyo kanisani."

"Najua."

"Waite hao wa Malili. Si ni mungu wao?"

"Wanajua kuuza simiti na mabati. Hakuna hata mmoja anayejua kushika kijiti."

"Basi atundikwe hivyo hivyo. Mungu si anaona hata bila kuchorwa?"

Nilisema kwa ukali, nakiri, na uchovu ulichangia. Ba akapapasa ukingo wa kitambaa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimezeeka, mwana wakwa. Huenda huu ndio mwaka wangu wa mwisho kukaa mbele yake. Mimi simwoni. Na yeye pia asinione?"

Ningefanya nini? Nilijiambia nichukue kikapu changu niondoke. Niliinuka kabisa. Mbele yangu kitambaa kilikuwa kimelala mezani, na huyo mama yao mwekundu juu ya mbuzi wangu, mikono imejaa maua niliyoyajaza mimi moja moja, na usoni matundu mawili meupe. Nikahisi hasira, si kwa Ba, si kwa kanisa. Kwangu mwenyewe. Nilijiuliza, ni kazi gani hii nimevunjikia mgongo miaka yote na kuimaliza ni dhambi? Kama ni dhambi, si dhambi tangu ile siku ya kwanza niliyochovya kijiti? Nilikuwa nimechoka kuwa mwaminifu nusu nusu, huku na kule.

Nikaketi. Nikapaka kwanza maji ya harde, lile tunda lao kavu, maana bila hayo weusi haushiki. Nikangoja pakauke. Ba alisikia kimya changu akajua, akavuta kiti karibu, akaanza kunong'ona maombi yake. Mimi nikaomba yangu kimoyomoyo. Sitawaambia nilisema nini.

Nilikuwa nimemaliza jicho la kulia wakati mlango ulipofunguka. Kiema. Alikuwa amekuja kunibebea sufuria, maana asubuhi nilikuwa nimelalamika sana juu ya mgongo.

Alisimama pale mlangoni na kofia mkononi. Aliangalia kijiti, akaangalia uso wa Mata. Sikuwa na pa kujificha.

"Ni nani?" Ba akauliza.

"Ni mimi, mwaitu. Kiema."

Ba akashika ukingo wa meza. "Usimgombeze. Mimi ndiye nimemlazimisha."

"Hakunilazimisha," nikasema. "Kiema, neno lako nimelivunja. Nimechoka, na nimelivunja, na sijui nitakuambia nini."

Niliwahi kumwona Kiema amekasirika, najua jinsi taya lake linavyokakamaa, na lilikakamaa. Nikangoja aseme la kusema. Weusi ukaanza kukauka kwenye ncha ya kijiti.

"Malizia," akasema hatimaye.

"Nini?"

"Malizia, Kathini. Mtu haachwi na jicho moja."

Akatoka nje kusugua sufuria, kazi ambayo siku zote ilikuwa yangu. Nikaweka jicho la kushoto. Ba akauliza kama Mata ameshaangalia, nikasema ndiyo, naye akafunika uso kwa ukingo wa sari na kulia kama msichana.

Njiani kurudi nyumbani Kiema alitangulia, mimi nikafuata. Ijumaa hakusema kitu, Jumamosi hakusema kitu, na mimi sikuwa na nguvu ya kuuliza. Jumapili ilikuwa Meza ya Bwana. Nilijua mahali pangu sasa. Wale wasiostahili kula hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na kila mtu anayeingia anakuona. Nikaenda nikakaa pale kabla ya ibada, nikainamisha kichwa ili nisione nani ananitazama.

Mchungaji akawaita wazee wasogee mbele. Nzau, mzee mwenzake Kiema, akainuka, na wengine. Wakasimama mstari wakingoja, na mkate umefunikwa kitambaa cheupe, na nafasi moja iko wazi. Mchungaji akaangaza macho kanisa lote akimtafuta Kiema.

Hapo ndipo nilipohisi benchi likizama kidogo upande wangu. Nikainua kichwa. Kiema alikuwa ameketi kando yangu, suti yake ya uzee wa kanisa imefungwa vifungo vyote, mikono juu ya magoti.

"Nenda mbele," nikamnong'oneza. "Wanakungoja."

"Neno lilikuwa langu," akasema, naye akabaki pale pale.