Kundi la Karatasi

Mama Seon-ju alifika kabla ofisi haijafunguliwa, akakaa kwenye ngazi akiwa bado na aproni yake ya sokoni. Tak Yeong-ran, mtafiti wa ofisi ile, hakuwahi kumwona, lakini mama yule alipolitaja jina la binti yake, Yeong-ran alilitambua mara moja.

"Wewe ndiye mwalimu wa hesabu za polisi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu ndani."

Kwa miaka miwili Yeong-ran alikuwa akipima jambo moja katika mji wa Gunsan, Korea. Mke akishapiga simu polisi kwamba mumewe anampiga, je, askari na mshauri wakiendelea kumtembelea nyumbani, anapona kupigwa tena? Askari hawakutosha kwa nyumba zote, kwa hiyo nyumba mia nne ziligawanywa kwa kura. Mia mbili zilitembelewa mara sita kila moja. Mia mbili nyingine zilipewa karatasi yenye namba za msaada, kama ilivyokuwa siku zote. Kura ilipigwa na kompyuta, na aliyebonyeza kitufe ni Yeong-ran.

Seon-ju, mshona mapazia wa miaka thelathini na mmoja, aliangukia upande wa karatasi. Mwezi wa nane mumewe alimuua jikoni kwao.

Mama alitoa kipande cha gazeti, akakinyoosha mezani kwa kiganja. Yalikuwa matokeo ya utafiti, yaliyotangazwa wiki ile.

"Ile karatasi yenu ya namba niliikuta kwenye droo ya cherehani yake. Askari hakuja hata mmoja. Kwa hiyo mwanangu yuko hapa, kwenye hawa thelathini na mmoja waliopigwa tena?"

"Yuko hapo, mama."

"Kwa nini yeye?"

"Hakuna sababu. Ilikuwa kura."

"Kura ya nani?"

"Yangu."

 Yeong-ran alitaka kumwekea chai, akakirudisha kikombe kabatini.

"Wangemtembelea, angekuwa hai?"

"Kati ya wanawake mia waliopewa karatasi, thelathini na mmoja walipigwa tena. Kati ya mia waliotembelewa, kumi na tisa. Kumi na wawili wameepushwa, ndiyo kazi ya matembezi hayo. Lakini wale kumi na tisa nao walitembelewa, na bado wakapigwa. Seon-ju angekuwa nani kati yao, siwezi kukwambia."

"Umesoma miaka yote hiyo na hujui?"

"Sijui, mama. Hesabu inajua mia. Haimjui mmoja."

"Ungenidanganya basi, nikalala."

"Ungependa nikudanganye vipi?"

Mama alifikiri kweli, kama mtu anayechagua. "Ukisema angepona, sitaweza kukutazama. Ukisema angekufa tu, nitakuwa nimemzika bure. Basi acha."

Hapo ndipo Yeong-ran alipomwambia lile ambalo hakuulizwa. Mwezi wa sita, katikati ya utafiti, aliyaangalia matokeo ya awali. Tofauti ilishaanza kuonekana, ila ilikuwa ndogo, ya kuweza kuletwa na bahati tu. Wenzake walimuuliza kama wasitishe utafiti na kuomba askari zaidi, ili nyumba za karatasi nazo zitembelewe. Akasema tungoje tuwe na hakika.

"Miezi miwili," mama alisema.

"Miezi miwili."

Alikikunja kipande chake cha gazeti, akaondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata akarudi. Hakusalimia. Alivuta kiti, akasema, "Nifundishe hizi namba zote. Nataka kujua amekufa ndani ya kitu gani." Akaja asubuhi nne, kabla ya kufungua meza yake ya vitoweo, akiuliza na kurudia mpaka aelewe.

Baraza la mji lilipokaa kuamua kama matembezi yaendelee, Diwani Guk alisimama na jedwali mkononi.

"Nyumba zilizotembelewa zimepiga simu polisi zaidi kwa theluthi nzima. Hapa tunatuliza ndoa za watu au tunazichochea?"

Wenzake wakacheka. Yeong-ran alieleza kwa michoro yake, nusu yao wakitazama simu zao. Ndipo mwenyekiti aliporuhusu wananchi, na mama mwenye aproni akainuka nyuma.

"Diwani, mimi nauza vitoweo, sikusoma. Binti yangu alipiga simu mara moja tu. Baada ya hapo hakupiga tena mpaka alipokufa. Kwenye jedwali lako, nyumba yake ni tulivu."

Hakuna aliyecheka.

"Huyu mwalimu hakuhesabu simu. Aliwafuata wanawake wenyewe, akawauliza mmoja mmoja. Waliotembelewa wanapigwa wachache. Ila akipigwa anapiga simu, kwa sababu anamjua atakayepokea. Wa karatasi wananyamaza. Wewe unausifu ukimya wao."

Diwani Guk alikaa, akaligeuza jedwali kifudifudi. Matembezi yalipitishwa kwa mji mzima, kura tisa kwa sita.

Yeong-ran alimwahi kwenye korido. "Mama Seon-ju, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Sikuja kwa ajili yako." Alikuwa akihangaika na mkono wa koti, na Yeong-ran hakuthubutu kumsaidia. "Wewe si mtu mbaya. Nilitaka uwe mbaya, ingenisaidia. Ila usije mezani kwangu kununua kitu."

"Sitakuja."

"Na ile miezi miwili usiniombe nikusamehe. Msamaha sina."

Akateremka ngazi akishika ukuta. Matembezi yalianza majira ya kuchipua, na mwaka uliofuata wanawake waliopigwa tena walipungua mji mzima. Yeong-ran aliiandika ripoti hiyo pia. Kila alipofika mahali pa kuandika idadi ya walioepushwa, alisimamisha kalamu. Hao hawakuwa na majina. Hata wenyewe hawakujua kwamba wameepushwa. Aliyekuwa na jina ni mmoja tu, naye hakuwa miongoni mwao.